MIFUPA YA WAZEE WETU: KWA NINI INAVUNJIKA UPESI, NA TUFANYE NINI



Tarehe 20 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Osteoporosisi Duniani. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 1996. Jina ni geni kwa wengi wetu hapa Nakivale, lakini ugonjwa wenyewe si mgeni. Ni ugonjwa wa mifupa kupungua nguvu ndani kwa ndani, mpaka ivunjike kwa jambo dogo. Mama mzee anateleza kwenye tope karibu na choo, na hasimami tena. Mwingine anainua jerikani na kusikia mgongo umekatika kama kijiti. Baba mzee aliyekuwa mrefu anaanza kuinama, na kila mwaka anazidi kuwa mfupi.

Mara nyingi watu husema, "Ni uzee tu, tufanye nini?" Toleo hili limeandikwa kujibu swali hilo. Kuzeeka hatuwezi kukuzuia. Lakini kuvunjika mifupa, mara nyingi tunaweza kukuzuia, na aliyekwisha kuvunjika mara moja anaweza kusaidiwa asivunjike mara ya pili.

Jambo hili si la wazee peke yao. Katika kambi yetu kuna nyumba nyingi ambamo koko ndiye baba na ndiye mama. Wazazi wa watoto walikufa au walipotea njiani, na yeye ndiye aliyebaki na wajukuu. Yeye ndiye mwenye kadi ya mgao, yeye ndiye anayepika, yeye ndiye anayewapeleka shule. Siku anapovunjika nyonga, wajukuu wanne au watano wanabaki bila mtu. Mtoto wa kike ndiye wa kwanza kuacha shule ili amhudumie. Kwa hiyo mfupa wa mzee ni shauri la nyumba nzima.

MFUPA NI KITU CHA NAMNA GANI?

Watu wengi hufikiri mfupa ni kitu kikavu, kama ukuni. Sivyo. Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili unabomoa sehemu ndogo za mfupa wa zamani na kujenga mpya mahali pake. Ni kama nyumba ya udongo: mvua huondoa udongo kidogo, na mwenye nyumba hukandika tena.

Katika utoto na ujana, mwili hukandika zaidi kuliko unavyobomoa. Mifupa inakua, inakuwa mizito na imara. Karibu na umri wa miaka 30, mfupa unafikia nguvu zake zote. Baada ya hapo, polepole, kubomoa kunaanza kushinda kujenga.

Kwa mwanamke, hali hubadilika haraka zaidi damu ya mwezi inapokoma. Kuna homoni ya kike inayoilinda mifupa. Hedhi inapokoma, homoni hiyo hupungua sana, na katika miaka 5 hadi 7 inayofuata mwanamke anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mifupa yake. Mwanamume naye hupoteza, ila polepole.

Mfupa wenye ugonjwa huu unafanana na mti wa nyumba ulioliwa na mchwa. Ukiutazama kwa nje ni mzima. Ndani umejaa matundu. Unasimama hivyo hivyo siku nyingi bila kulalamika, halafu siku moja upepo mdogo unauangusha. Ndiyo sababu ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa kimya. Hauumi, hauleti homa, hauonekani, mpaka mfupa uvunjike.

Kwa makadirio ya dunia nzima, katika watu waliopita umri wa miaka 50, mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 atavunjika mfupa kwa sababu hii katika maisha yake yaliyobaki.

NI NANI ALIYE HATARINI ZAIDI?

Soma orodha hii polepole. Ukijikuta mahali pawili au zaidi, zungumza na muuguzi au mganga katika kituo cha afya:

- Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma, hasa ikiwa ilikoma kabla ya miaka 45, au aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa mifuko ya mayai.
- Mtu yeyote aliyepita miaka 65.
- Mtu aliyewahi kuvunjika mfupa baada ya umri wa miaka 50 kwa kuanguka kidogo tu.
- Mtu ambaye mama yake au baba yake alivunjika nyonga uzeeni.
- Mtu mwembamba sana, au aliyekaa na njaa muda mrefu.
- Mvuta sigara au tumbaku, na mnywaji wa pombe nyingi.
- Mzee anayekaa ndani siku nzima, haoni jua wala hatembei.
- Mtu aliyetumia dawa aina ya prednisolone au dexamethasone kwa miezi 3 au zaidi.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja kwa ndugu wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI. Baadhi ya dawa hizo hupunguza uzito wa mifupa kidogo. USIACHE dawa zako kwa sababu hiyo. Dawa hizo ndizo zinazokuweka hai. Mweleze tu mganga kuhusu mifupa yako, naye atajua la kufanya.

DALILI, NA MAGONJWA YANAYOFANANA

Ingawa ugonjwa huu ni wa kimya, kuna alama chache za kuangalia:

1. Kupungua kimo. Mtu aliyepungua zaidi ya sentimita 4 kuliko alivyokuwa ujanani, huenda pingili za mgongo wake zimebonyea.
2. Mgongo wa juu kuinama mbele na kufanya nundu.
3. Maumivu makali ya ghafla mgongoni baada ya kuinama, kukohoa au kuinua mzigo.
4. Kuvunjika kifundo cha mkono, bega, mbavu au nyonga kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu.

Lakini si kila maumivu ni ugonjwa huu. Tunapopita nyumba kwa nyumba, tunasikia mara nyingi, "Mifupa inaniuma," na mtu anaonyesha magoti au vidole vilivyovimba. Hayo kwa kawaida ni maumivu ya viungo, mahali mifupa inapokutana. Ni ugonjwa mwingine, na una matibabu yake.

Kuna pia kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nacho hufanya mgongo utoke nundu. Tofauti yake ni kwamba mara nyingi mgonjwa hukonda, hupata homa za jioni na kutoka jasho usiku, na miguu inaweza kuanza kufa ganzi au kukosa nguvu. Kinaweza kumpata hata mtoto au kijana. Kinatibika kwa dawa za kifua kikuu zinazotumiwa kwa miezi mingi, lakini kikicheleweshwa mtu anaweza kupooza. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye nundu mpya mgongoni aende kituo cha afya mapema. Asikae nyumbani akisema ni uzee.

SI UCHAWI

Mzee anapovunjika mguu bila kuanguka kwa nguvu, watu hushangaa. "Mfupa unavunjikaje hivi hivi?" Halafu jina la jirani linaanza kutajwa. Ndugu zangu, tumekimbia vita na chuki, tusizilete tena hapa. Mfupa uliopungua ndani unaweza kuvunjika kwa kujigeuza kitandani. Hakuna aliyeuvunja. Atakayeanza kumshitaki jirani, mwonyesheni ukurasa huu.

DAWA ZA SOKONI ZINAZOKULA MIFUPA

Sehemu hii tunaomba isomwe mbele ya nyumba yote.

Kuna vidonge vinavyouzwa rejareja, viwili viwili au vitatu vitatu katika karatasi, kwa watu wenye maumivu ya mgongo na magoti. Muuzaji husema ni dawa ya mifupa, au dawa ya nguvu. Mzee akimeza, kesho yake anaamka bila maumivu. Anakula vizuri, uso unajaa, majirani wanasema amenenepa. Anarudi kununua tena.

Mara nyingi vidonge hivyo ni prednisolone au dexamethasone. Ni dawa za kweli, na mganga huzitoa kwa magonjwa maalum, kwa kipimo na kwa siku zinazojulikana. Lakini zikimezwa mwezi baada ya mwezi bila mganga, zinazuia mwili kujenga mfupa mpya. Zinapandisha sukari ya damu na presha. Zinapunguza nguvu za mwili kupigana na magonjwa. Na ule uso uliojaa si afya, ni madhara ya dawa. Kwa hiyo mzee ananunua kwa pesa yake kitu kinachomwondolea maumivu ya leo na kumvunja mfupa kesho.

ANGALIA: Ikiwa umekwisha kuzitumia kwa wiki nyingi, USIACHE GHAFLA. Mwili unakuwa umezizoea, na kuacha kwa siku moja kunaweza kukuangusha vibaya. Nenda kituo cha afya, chukua karatasi au vidonge vilivyobaki, uvionyeshe. Mganga atakupunguzia kidogo kidogo. Hakuna atakayekuadhibu kwa kununua.

Dawa nyingine za maumivu, kama diclofenac na ibuprofen, hazili mifupa kwa namna hiyo, lakini kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo zikitumiwa kila siku. Kwa maumivu ya kawaida, paracetamol kwa kipimo ulichopewa kituoni ndiyo salama zaidi.

CHAKULA, JUA NA MWENDO

Mfupa hujengwa hasa kwa madini ya chokaa, yaani kalsiamu. (Hatusemi chokaa ya kupaka ukuta. Hiyo isiliwe!) Mwanamke ambaye hedhi imekoma, na kila mtu aliyepita miaka 65, anahitaji kama miligramu 1,300 kwa siku. Glasi moja ya maziwa ina kama miligramu 300.

Tunajua utasema, "Maziwa tutayapata wapi?" Ni kweli. Posho na maharage peke yake havitoshi. Lakini kuna vyakula vingine vya bei ndogo:

- Samaki wadogo wakavu, kama mukene, ndagala na sambaza. Faida yake ni kwamba tunawala wazima na mifupa yao. Konzi moja ya samaki hao inaweza kutoa kalsiamu sawa na glasi ya maziwa, au zaidi. Kwa mzee asiye na meno, wasage wawe unga, utie kijiko kimoja au viwili katika maharage au mboga.
- Sombe na majani ya kunde. Panda hata kwenye magunia ya udongo karibu na nyumba. Sombe itwangwe na ichemshwe vizuri, muda mrefu, ili sumu ya muhogo itoke.
- Lenga-lenga ni mboga nzuri kwa mwili, ila kalsiamu yake haiingii yote mwilini. Usiitegemee peke yake.
- Ufuta usiomenywa, kwa wanaoupata.
- Maharage, karanga na mayai, kwa sababu mfupa na misuli vinahitaji pia chakula cha kujenga mwili. Mzee asiachiwe mchuzi tu huku watoto wakila maharage yenyewe. Yeye pia anajengwa.

Kalsiamu haiingii mwilini vizuri bila vitamini D. Hiyo vitamini, Mungu ametupa bure: ngozi huitengeneza inapopigwa na jua. Hapa tuko karibu na ikweta na jua lipo mwaka mzima. Lakini jua halimsaidii mzee anayeshinda ndani ya nyumba ya shitingi. Atolewe nje, akae na mikono na miguu ikiwa wazi, dakika 20 au 30, mara kadhaa kwa wiki. Si lazima jua la kuunguza. Ngozi nyeusi na ngozi ya mzee zinahitaji muda zaidi kidogo, kwa hiyo asiharakishwe kurudi ndani. Kwa mama anayejifunika mwili kwa sababu ya dini, watu wa nyumba wamtafutie uani mahali penye faragha.

Jambo la tatu ni mwendo. Mfupa unaotumiwa huongezeka nguvu, usiotumiwa hupungua. Usimkalishe mzee mkekani siku nzima kwa heshima. Mwache atembee, apalilie bustani, afagie. Haya ni mazoezi matatu ya kila siku:

1. Keti kwenye kiti imara, simama, keti tena. Fanya mara 10, bila kujisukuma kwa mikono kama unaweza.
2. Shika nguzo ya nyumba, panda juu ya ncha za vidole vya miguu, shuka polepole. Mara 10.
3. Shika nguzo, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi 10, kisha mguu wa pili. Hili linafundisha mwili usianguke.

Mwenye mgongo uliokwisha kubonyea asiiname mbele na kuinua kitu kizito. Apige magoti, alete kitu karibu na kifua, ndipo ainuke. Na tukumbuke kwamba jerikani la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Huo si mzigo wa mama wa miaka 70. Mpeni la lita 5, au vijana wa jirani wamchotee.

KUZUIA KUANGUKA NYUMBANI

Mara nyingi mzee huvunjika kwa sababu ameanguka, na mara nyingi anguko lina sababu inayoonekana. Leo jioni, kijana, zunguka nyumba ya mzee wako na uangalie mambo haya:

- Kamba za shitingi na vigingi. Zifungie kitambaa cheupe ili zionekane, au zihamishe kutoka njiani.
- Njia ya chooni. Jaza mashimo, tandaza changarawe au majivu mahali panapoteleza, hasa wakati wa mvua.
- Choo chenyewe. Simika miti miwili imara ya kushika wakati wa kuchuchumaa na kuinuka. Fundi wa mbao anaweza pia kutengeneza kiti chenye tundu, kwa mzee asiyeweza kuchuchumaa.
- Usiku. Mzee awe na kopo la kukojolea karibu na kitanda asitoke gizani. Kama kuna tochi au taa ya sola, ilale kando yake, si kwa watoto.
- Viatu. Kandambili zilizoisha nyuma zinateleza kama sabuni. Afadhali viatu vinavyofunika kisigino.
- Fimbo. Iwe na urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono mtu akisimama wima, na chini ifungwe kipande cha mpira wa tairi. Fimbo si aibu.
- Macho. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni shimo. Macho yapimwe.
- Kizunguzungu. Anayetumia dawa za presha akae kwanza kitandani kidogo kabla ya kusimama.

Siku ya mgao mzee asisimame kwenye foleni jua lote. Uliza ofisi ya huduma za jamii au mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako jinsi ya kuandikisha mtu wa kukuchukulia, na jinsi ya kuandikwa katika orodha ya watu wenye mahitaji maalum. Chagua mtu unayemwamini.

MZEE AKIANGUKA NA KUVUNJIKA

Alama za kuvunjika nyonga ni hizi: hawezi kusimama, anaumwa kinenani au juu ya paja, na mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Wengine hawapati alama zote. Mzee yeyote aliyeanguka na hawezi kukanyaga, mchukulie kuwa amevunjika.

1. Usimwinue kwa nguvu na usimlazimishe kutembea.
2. Usivute mguu, usikande, usipake kitu cha moto.
3. Weka blanketi lililokunjwa katikati ya miguu, kisha ufunge mguu mbaya pamoja na mguu mzima kwa vitambaa vipana, bila kukaza sana.
4. Mwite VHT wa kijiji chako au piga simu kituo cha afya ili gari la wagonjwa lije. Kama gari halifiki, mbebe akiwa amelala juu ya machela, mlango au kitanda. USIMPAKIE KWENYE BODABODA. Kumkalisha kunaweza kusogeza mfupa na kukata mishipa.
5. Asile chakula njiani, kwa sababu huenda atahitaji upasuaji. Mfunike asipate baridi.

Kutoka vituo vyetu, mgonjwa wa namna hii hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa ya rufaa ya Mbarara, ambako kuna picha ya eksirei na madaktari wa mifupa. Usikatae rufaa. Tunasikia wengine wakisema, "Akifa, afie kwake." Lakini mzee aliyevunjika nyonga na kulazwa tu nyumbani hupata vidonda vya mgongoni, mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni. Hata katika nchi tajiri, karibu mzee 1 kati ya 5 aliyevunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha. Upasuaji wa mapema na kuanza kusimama mapema ndivyo vinavyowaokoa wengi.

Kuhusu wazee wanaojua kuunga mifupa kwa miti na majani: hatuwadharau, na wengi wamesaidia watu njiani ambako hapakuwa na hospitali. Lakini hawawezi kuona ndani ya nyonga. Picha ipigwe kwanza. Na mahali popote palipofungwa, ikiwa vidole vimekuwa baridi, vimevimba, vimebadilika rangi au havisikii, legeza kifungo mara moja na uende kituo. Mkono au mguu unaweza kuoza kwa kufungwa vibaya.

MATIBABU YAPO

Kuna kipimo maalum cha kupima uzito wa mifupa, na tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha kuutambua ugonjwa huu kwa kipimo hicho. Mashine yake iko katika hospitali chache za miji mikubwa. Lakini usivunjike moyo. Mzee aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo, daktari anaweza kuutambua ugonjwa na kuanza matibabu hata bila mashine hiyo.

Dawa inayojulikana zaidi ni alendronate, iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1995. Inazuia mwili usibomoe mfupa haraka. Kidonge cha miligramu 70 humezwa mara moja tu kwa wiki. Kina masharti, na lazima yafuatwe:

- Meza asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa, si uji.
- Usitafune wala kumumunya.
- Kaa wima au simama kwa dakika 30. USILALE, kwa sababu kidonge kinaweza kuunguza koo la chakula.
- Baada ya dakika 30 ndipo ule. Vidonge vya kalsiamu vimezwe saa nyingine ya siku hiyo, si pamoja nacho.
- Asiyeweza kukaa wima, mwenye shida ya kumeza, au mwenye figo mbovu sana, asiitumie. Amweleze daktari.
- Kama unataka kung'oa jino, mwambie mganga wa meno kwamba unaitumia.

Chagua siku moja isiyosahaulika, kwa mfano kila Jumatatu. Matibabu huendelea miaka kadhaa, mara nyingi 5, kisha daktari huangalia upya. Hutasikia tofauti yoyote mwilini, na ndiyo sababu wengi huiacha. Usiiache. Kazi yake ni kuzuia, na aliyezuiliwa asivunjike haoni alichookolewa nacho.

Usitegemee kuikuta katika kila kituo cha afya. Ikiwa haipo, uliza kuhusu rufaa, na uliza pia kuhusu kalsiamu na vitamini D.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, kunyonyesha watoto wengi ndiko kulikomaliza mifupa yangu?
Wakati wa kunyonyesha, mifupa hupungua kidogo. Lakini mtoto akiachishwa, kwa kawaida inarudi, ikiwa mama anakula vizuri. Kwa hiyo akina mama wanaonyonyesha wasikose samaki wadogo na mboga.

Nina miaka 72. Je, si nimechelewa?
Hapana. Mazoezi, njia iliyosafishwa, fimbo, na dawa kwa anayeihitaji, vyote vinafaa hata katika umri huo. Mwenye miaka 72 asipoanguka mwaka huu, amefaidika mwaka huu.

Mimi ni kijana. Yananihusu nini?
Mfupa utakaokubeba uzeeni unaujenga sasa, kabla ya miaka 30. Kula, kimbia, cheza mpira, acha sigara na waragi.

Mama yangu anaficha maumivu asitusumbue. Nifanyeje?
Usimwulize tu, "Mama, unaumwa?" Atasema hapana. Mtazame anapoinuka kitini, anapopanda mlima, anaposhika ukuta. Mwulize kama ameanguka mwaka huu. Kisha mwende kituoni pamoja.

KUMBUKA

- Ugonjwa huu hauumi mpaka mfupa uvunjike. Usingoje maumivu.
- Mfupa uliovunjika kwa jambo dogo baada ya miaka 50 ni onyo. Nenda ukapimwe.
- Usinunue vidonge vya maumivu visivyo na jina. Kama umevizoea, usiache ghafla, nenda kituo cha afya.
- Samaki wadogo na mifupa yao, jua, na kutembea kila siku.
- Rekebisha njia ya chooni leo, kabla ya mvua.
- Aliyevunjika nyonga abebwe akiwa amelala, na apelekwe hospitali.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitumie kufungia karanga. Mpe jirani. Na kama kwako kuna mzee asiyeweza kusoma, au anayesikia Kiswahili kidogo tu, mkalie karibu umsomee kwa lugha yake. Ukiwa na swali, mwulize VHT au mfanyakazi wa jamii wa kijiji chako. Tukiitwa, tutafika nyumbani.